Wa Fora Hatuwafuatilii

Nikisikia mtu akisema data haidanganyi, nakasirika. Data ya kijiji cha Korbesa niliikusanya mimi, nyumba kwa nyumba, na ilidanganya kwa sababu mimi mwenyewe niliifundisha kudanganya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vijana walikuwa wakichukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi, kisha wanatumikishwa kwenye machimbo ya dhahabu huko kaskazini, bila simu wala njia ya kurudi. Shirika lililoniajiri hapa Isiolo mjini lilikuwa limechoka kuwatafuta baada ya kupotea. Lilitaka kujua mapema. Kila miezi mitatu tupite vijijini na tableti, tuulize kila kijana yuko wapi, na kompyuta ya ofisini ionyeshe ni kijiji gani vijana wameanza kupungua. Majibu yalikuwa manne: yuko shule, yuko nyumbani, yuko fora, hajulikani aliko. Ukibonyeza hilo la nne, jina linageuka jekundu na afisa wa watoto anatakiwa aende kumtafuta.

Jibu la fora niliwaongezea mimi. Fora ni kambi ya mbali ambako vijana wetu Waborana huenda na mifugo kiangazi kikikaza, miezi hata mitano bila habari. Fomu ya kwanza haikuwa nalo, maana walioitengeneza hawajawahi kufuata hata mbuzi mmoja. Nilipowaeleza mkutanoni nilipigiwa makofi. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyenunua gari.

Mzunguko wa kwanza tulianza na baraza. Korbesa ni kwetu, dada yangu mkubwa ameolewa huko, kwa hiyo nilitumwa mimi. Wazee walikuwa wamenuna kabla sijafungua mdomo. Kwetu mtu hahesabu watoto wake hadharani, kama asivyohesabu ngamia wake. Kuhesabu ni kuita kijicho. Na wale walio fora ndio hasa hawatajwi idadi, kwa sababu wako porini na lolote laweza kuwapata. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa mnataka kujua fora yetu iko wapi, mkawaambie nani?"

Niliona kazi inaniponyoka. Nikasimama, nikasema kwa Kiborana, kwa sauti ya mtoto wa nyumbani, "Baba zangu, msiwe na wasiwasi. Ukisema mtoto yuko fora, inatosha. Wa fora hatuwafuatilii." Nyuso zikalegea. Mwanamume mmoja mwenye lori la kubeba mbuzi, ambaye alikuwa amenipa kiti chake tangu nifike, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nilimwona mtu mwenye adabu sana.

Mvua ikanyesha, nyasi zikaota, mifugo ikarudi. Mzunguko wa pili nilifika kwa dada yangu asubuhi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, akanipa chai ya maziwa matupu. Nilipofika kwa mwanawe wa kiume, mwenye miaka kumi na mitano, yule anayeniita mama mdogo na kunidai mpira kila nikija, dada aliangalia jikoni.

"Yuko fora," akasema.

Nikabonyeza fora. Nilikuwa nakunywa maziwa ya mbuzi aliodaiwa kuwachunga. Mbuzi wenyewe walikuwa wanalia zizini, hatua kumi kutoka nilipokaa, na mimi niliyezaliwa katika mifugo nilimaliza kikombe nikaomba kingine.

Ofisini kulikuwa na binti wa Kimeru aliyekuwa anachambua takwimu. Mgeni kabisa katika mambo yetu, mkimya, anakula mahindi ya kuchoma juu ya kompyuta. Wiki hiyo aliniita.

"Dada, hebu niambie. Hii fora si ni ya kiangazi?"

"Ndiyo."

"Na mvua imenyesha. Sasa mbona Korbesa watu wa fora wameongezeka? Si walitakiwa wapungue?"

Sikuiangalia hata hiyo skrini. "Wewe ni mtu wa shamba," nikamwambia. "Mambo ya mifugo tuachie wenyewe."

Aliniomba msamaha. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kwanza, kwamba yeye ndiye aliyeomba msamaha. Akaandika pembeni kwamba nimethibitisha, alama ya onyo iliyokuwa juu ya Korbesa ikafutwa, na miezi mitatu ikapita. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliishona mimi.

Kilichotufumbua macho ni kijana mmoja wa Korbesa aliyeletwa hospitali hapa mjini, vidole vya mkono wa kulia vimesagwa na jiwe. Alikuwa ametoroka machimboni akiwa na mwenzake mmoja. Nililitafuta jina lake kwenye tableti nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake. Limeandikwa: yuko fora. Nikamuuliza nani wengine wako kule. Akataja wanne, wa tatu akiwa mtoto wa dada yangu, na akasema siku ya kuondoka wote walipanda lori la mbuzi.

Nilienda Korbesa siku iliyofuata nikiwa na hasira ya kuua mtu. Sikusema hata salaam aleikum. Nilimuuliza dada yangu kwa nini alinidanganya, mimi, damu yake.

Hakupandisha sauti. "Si wewe ulisema wa fora hamuwafuatilii? Yule wa lori alitukumbusha. Alisema ni kazi ya miezi miwili tu, na tukisema hatujui walipo utaletewa shida na wakubwa wako. Alisema tusikuharibie kazi."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Tulibadilisha jina la mwanawe likawa jekundu. Afisa alikwenda machimboni na polisi, wakakuta mashimo yamehamwa, na lori halijaonekana tena upande wetu. Shirika limerekebisha fomu. Sasa ukibonyeza fora inauliza mvua imenyesha lini na mifugo iko wapi. Maswali hayo aliyatunga yule binti wa Kimeru. Ni maswali mazuri, na mimi ndiye ninayewafundisha wengine namna ya kuyauliza.

Mtoto wa dada yangu hajarudi. Majirani wakimuuliza mama yake, huwajibu kwamba yuko fora. Wote wanajua ukweli, na kwa heshima hakuna anayeuliza zaidi.