Goli moja kwa kiwanja ya Radi

Kiwanja ya kilabu Radi, pale Bunia, ilikuwa kwanza shamba ya viazi. Vijana wakaisawazisha kwa majembe, wakasimamisha miti mbichi ya kalitusi iwe magoli, na mvua ya kwanza kunyesha, ile miti ikachipuka majani. Ndege wakajenga juu. Léon, gardien mwenye kulinda goli ya Radi, alikuwa anawaomba wapinzani wapige mipira ya chini, mayai isianguke. Mwenye kukataa kuamini aende aulize wale ndege.

Kisha wamama wa kilabu wakabeba matofali juu ya kichwa, kila siku ya Mungu nyuma ya misa, mupaka ukuta ikasimama. Véronique, muke wa Léon, alibeba kupita punda. Nyuma ya tribune, pale watu wanakaa kutazama match, wakaacha tundu mu ukuta. Siku ya match, wachezaji wa Radi hawakupita mulango kubwa hata kidogo, maana wageni walikuwa wanazika dawa pale chini. Waliingia kwa tundu, wakitambaa kama panya wenye jezi. Kisha Léon alikuwa anapanga tena matofali bila simenti, vizuri, hata mujusi asipate njia. Na sheria ilikuwa moja: kwa tundu unaingia tu. Mwenye kutokea pale anatoka na ushindi wa kilabu, na hautarudi.

Miguu ya Léon ilipochoka, kilabu ikamufanya mulinzi wa kiwanja. Akahamia na Véronique mu vestiaire, chumba ya wachezaji kuvalia jezi, chini ya tribune; ukuta yake ya nyuma ilikuwa ile yenye tundu.

Vita ikawakuta pale. Binti yao Camille alikuwa amekwisha kukimbilia Aru, wao walikawia. Asubuhi moja wapiganaji wakaingia, wakafunga mulango kubwa kwa munyororo. Walikuwa watu wa kabila ya Léon. Véronique alikuwa wa kabila ile ingine, ile walikuwa wanatafuta nyumba kwa nyumba. Léon akamuficha nyuma ya magunia ya nyavu.

"Papa Camille, fungua tundu," Véronique akanong'ona. "Nitashuka na bonde mupaka kwa kambi ya askari wa amani wa ONU."

"Kwa tundu hawatokake."

"Unachunga ushindi gani? Match ya mwisho mulipigwa saba."

"Sita. Ya saba ilikuwa offside."

"Basi kumbatia sita yako, mimi nife na heshima ya kilabu."

Na pale kamanda wa wapiganaji akaita kutoka kati ya kiwanja:

"Muzee, wanasema ulikuwa gardien. Kuja. Tunacheza kwa goli moja, timu mbili, na weye utailinda. Wa kwanza kufunga ameshinda, kisha tunatafuta mu vyumba yote."

Léon akainama kwa magunia. "Toa matofali polepole, Mama Camille. Ukipita, uyarudishe. Ushindi nao uende."

Akaenda kusimama kwa goli. Akazuia kwa mikono, kwa magoti, kwa kipara. Mupira moja aliushika kwa meno, hewa yote ikatoka, wakahangaika kutafuta ingine. Katika ile kimya tofali ikaanguka nyuma ya tribune. Léon akajiangusha chini, akalia na goti yake kama mama wa kilio, mupaka wapiganaji wakacheka wakasahau walichosikia. Alikuwa anaomba jua isimame. Jua haikusimama, na kijana moja akapiga kwa upande, mupira ikaingia.

Wakaenda moja kwa moja mu vestiaire. Ukuta ilikuwa nzima. Chini, sahani mbili za maharagi.

"Muke wako iko wapi?" kamanda akauliza.

"Alienda Ariwara kutafuta chumvi."

"Na sahani ya pili?"

"Yangu. Chakula bila chumvi haishibishake, nakulaka mara mbili."

Kamanda akacheka mupaka akashika ukuta, na Léon akaona matofali ikitikisika chini ya mukono yake. Haikuanguka.

"Nilitaka kukuachilia jioni," kamanda akasema. "Sasa hapana. Gardien kama weye hawamuachake. Utalala hapa, na kesho pia utacheza."

"Na kesho kutwa?"

"Muzee, rudi kwa goli."

Léon akarudi. Akatega sikio upande wa bonde. Hakuna bunduki iliyolia kule. Ni habari hiyo tu ya Véronique alipata. Mupira ikawekwa chini tena, na pale kwa mulango munyororo ilikuwa ingali imefungwa.