Nafuu ya ushuru wa gari ya umeme, na mkaguzi aliyekuja nyumbani Bi Zuhura akiwa kwenye eda

Niliisikia kabla sijaiona. Sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu, ikisema maneno machache kwa lugha nisiyoijua, kutoka uani kwa ami yangu, Kiembe Samaki.

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine nayaacha kama yalivyokuwa.

Sauti ile ilikuwa ya gari. Ami Suleiman alikuwa kanunua gari ndogo ya umeme iliyotumika Japani, na kila ukiiwasha inaongea kwanza. Mkewe, Bi Zuhura, alichungulia dirishani.

"Nani huyo unayemleta kwangu?"

"Mke mwenzio," ami akajibu.

"Anasema nini?"

"Ananambia nenda salama, urudi mapema, mkeo anakungoja."

"Basi huyo namkubali," akasema Bi Zuhura, akarudi jikoni.

Tangu hapo kila asubuhi alisimama dirishani mpaka mke mwenza aseme, ndipo ami aondoke kuwapeleka wanafunzi skuli. Wanne, wa Kiembe Samaki na Chukwani. Nyumba ile ilikula kwa kazi hiyo.

Kisha ami akafariki, ghafla, siku ambayo asubuhi yake aliaga kama kawaida.

Sasa tuje kwenye sheria.

Gari aliiingiza kwa nafuu ya ushuru wanayopewa wenye gari za umeme. Nafuu ina masharti. Hii ya kwake, kama tulivyoelezwa kwenye dirisha la ofisi ya ushuru, ilifungwa na jina lake. Mwenyewe akifa, mrithi ajitokeze ndani ya muda ulioandikwa, na gari ionekane inakwenda. Muda ukipita, ushuru unadaiwa wote. Hatukuwa na uwezo huo. Gari ingeondoka.

Warithi walikaa wakamwachia Bi Zuhura, nami nikakubali kuiendesha. Tatizo muda ule ulikuwa unakwisha kabla ya eda yake.

Nikamwambia Bi Zuhura kwamba sheikh kasema kwa haja anaweza kutoka mchana na kurudi.

"Najua naweza, mwanangu," akasema. "Lakini Suleiman hakuwahi kuniomba kitu. Hizi siku ni zake. Nenda kawaambie waje wao."

Wakuu, kwenda ofisini kuwaambia waje wao si maneno mepesi. Nilikwenda mara tatu. Mara mbili nilirudishwa. Mara ya tatu mtu mzima mmoja mwenye miwani, aliyekaa meza ya nyuma, akainua kichwa.

"Yuko kwenye eda? Mbona hukusema mapema?"

Nilikuwa nimesema kila nilipokwenda. Sikubishana.

"Jumanne nitakuja," akasema.

Jumanne akaja kweli, na fomu yake mkononi. Akavua viatu, akakaa ukumbini, pazia katikati.

"Poleni na msiba, Bi."

"Tushapoa, baba."

Akamuuliza kama yeye ndiye mrithi anayeomba gari iandikwe kwa jina lake. "Naam," akajibu. Ikabaki gari tu.

Nikaingia, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Hata taa moja haikuwaka.

Kosa langu lilikuwa hili. Tangu siku ya maziko niliiacha imechomekwa ukutani, nikijua inashiba. Sikujua kumbe gari ya umeme ina betri mbili.

Mkaguzi alitazama fomu, akanitazama mimi. "Gari isiyowaka siwezi kuandika inawaka, kijana."

Nilihisi nimemzika ami mara ya pili.

Dirisha la uani likafunguka kidogo. "We Idi. Umefungua boneti?"

"Bi Zuhura, hii haina injini."

"Nani kakuuliza injini? Mna betri ndogo huko. Suleiman akisema hiyo ndiyo mwadhini, ile kubwa haiamki mpaka hii iite. Nenda kwa jirani akubusti. Na wewe baba mkaguzi, kaa kitako unywe kahawa. Gari haikimbii, si unaiona."

Mkaguzi akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Jirani akasogeza gari yake, tukaunganisha nyaya. Nikabonyeza.

Yule mwanamke wa garini akasema maneno yake.

Mkaguzi akainama karibu na sikio langu. "Kila ninayoikagua ya aina hii inalalamika hivi hivi," akanong'ona. "Inasema kadi ya kulipia barabara za kwao haimo."

Ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha, nikasikia kiti kikilia, kama mtu aliyekaa ghafla.

Nikamzungusha mkaguzi mpaka barabara kubwa na kurudi. Akasaini.

Nililojifunza, wakuu, ni kwamba mkipata nafuu yoyote ya gari hizi someni na yale maandishi madogo ya mwisho, tena msome na wake zenu, maana siku hatupo wao ndio watakaoulizwa. Kwa ajili ya betri ndogo, iwasheni gari mara kwa mara, chaja ya ukutani peke yake haitoshi. Na ukiwa na udhuru, useme hata mara ya nne. Nyuma ya dirisha huwa yuko mtu.

Mwenye gari kama hii, Bara au Visiwani, atueleze masharti ya kwake yakoje. Wanaojua Kijapani nawaomba wapite kimya, Bi Zuhura ana wajukuu wa ndugu wanaosoma humu.

Kuna moja sijawaambia. Mkaguzi alipokuwa anavaa viatu, Bi Zuhura alimwita kutoka nyuma ya pazia.

"Baba, wewe unakagua nyingi. Na za wenzangu zinasema hivyo? Nenda salama, urudi mapema, mkeo anakungoja?"

Mkono wa mkaguzi ulikuwa ushashika mlango. Akanitazama.

"Za wenzako zinasema mengine, Bi. Hii yako ndiyo inasema hivyo."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, mpaka komeo likashika.