Visiwa vya Mbali Vyamtia Mwalimu wa Nyaramba Mashakani

Saa mbili na robo asubuhi, na chaki ya Esnah Mokeira imeshavunjika mara mbili. Chaki si mbovu. Anaikandamiza mno ubaoni, maana dawati la nyuma la kidato cha tatu leo halina wanafunzi. Ameketi hapo Chifu Makori, kofia magotini, na kando yake Mzee Ondieki, mwenyekiti wa halmashauri ya shule hii ya harambee iliyo karibu na soko la Nyaramba.

Wamekuja kusikiliza somo la jiografia. Likiisha, wataamua kama mwalimu huyu wa miaka 27 atarudi darasani kesho au ataenda kuchuma chai ya mama yake.

Kosa lake ni visiwa. Wiki jana, Juni hii ya 1991, Esnah alichora safu tatu ubaoni: nchi ilivyo, njia ya kufika, na nani anatawala. Akalinganisha visiwa vya mbali vilivyo chini ya Uingereza. Alipofika Tristan da Cunha, kusini mwa Atlantiki, akasema kwamba wakazi wake, ambao ni kama mia tatu tu, humchagua mkuu wao wenyewe. Jioni hiyo mwanafunzi mmoja, Bosire, akafika kwao na kumuuliza baba yake, "Na wewe, nani alikuchagua?"

Baba yake ndiye chifu.

"Kufumba na kufumbua nikaitwa mchochezi," asema Esnah. "Nililia, sitaficha."

Na alikuwa na haki ya kulia. Mwaka huu, Kenya ikiwa bado na chama kimoja tu, uchochezi si neno la kuchezea; huweza kumpeleka mtu seli kabla hajamaliza kujieleza.

Esnah hakusomea ualimu. Alimaliza kidato cha sita, karo ya chuo ikakosekana, na halmashauri ikamwajiri kwa shilingi 1,100 kwa mwezi. Habari za visiwa alizipata katika kitabu kikuukuu alichoazimwa na Ashok, mwenye duka la vitabu mjini Kisii. "Wewe soma tu, mwalimu," Ashok alimwambia. "Hapa hiyo kitabu inakula vumbi."

Leo anaanzia nyumbani. "Mvua ikinyesha siku tatu, lori la chai likwame kule mtelemkoni, kilima chetu kinakuwa nini?"

"Kisiwa!" darasa lajibu.

"Na majani tuliyochuma?"

"Yanaharibika, Madam!"

"Basi na watu wa Tristan hungoja meli kutoka Cape Town. Bahari ikichafuka, hungoja tena."

Safu mbili zimejaa. Ya tatu ni tupu. Asubuhi mwalimu mkuu alimsihi airuke. "Mwenye nguvu mpishe, Madam," alimwambia, na hakuwa na ubaya. Naye ana watoto wa kulisha. Esnah anachukua kipande cha chaki kilichobaki. Kisha anaandika.

Tristan: msimamizi hutumwa na serikali, mkuu wa wakazi huchaguliwa na wakazi. Chifu anakohoa. Pitcairn, katika Pasifiki: watu kama sitini, gavana wao hukaa New Zealand, hakimu wa kisiwa huchaguliwa na wenyeji.

"Wengi wao ni Wasabato," Esnah anaongeza.

Mzee Ondieki, ambaye pia ni mzee wa kanisa, anainua kichwa. "Wasabato gani?"

"Kama sisi, omogaka," ajibu, akimwita mzee kwa Kikisii. "Ijumaa jua likizama, wanaacha kazi."

"Na hiyo hakimu wanachagua kwa kanisa?"

"Hapana, omogaka. Wanapiga kura, kila miaka mitatu."

Mzee anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari za jamaa ambao hakujua kama wako hai. Chifu hapendezwi. Anasimama.

"Mimi sina shida na hiyo visiwa. Iko mbali. Shida yangu ni mfano. Madam, unataka watoto waseme hata sisi tuchaguliwe?"

Bosire ameinamisha uso hadi kwenye daftari.

"Chifu, nimeandika ya kule," Esnah ajibu. "Ya hapa sijaandika. Mkitaka nitaandika: chifu wa hapa huteuliwa na serikali. Huo ni uongo?"

Chifu anamwangalia mwenyekiti, mwenyekiti anaangalia ubao.

"Si uongo," chifu asema hatimaye.

Esnah anaandika na hilo. Wanafunzi wananakili.

Wakubwa wanajadiliana nje kwa nusu saa, naye anangoja ofisini, roho mkononi. Anayeingia ni Mzee Ondieki peke yake. Esnah ataendelea kufundisha hadi Desemba, kisha halmashauri iketi tena. "Nikufukuze kwa kutuletea habari za ndugu zetu wa Sabato? Kanisani nitajibu nini?" mzee amwambia. Chifu amekataa kuutia sahihi uamuzi huo, na ameondoka bila kuaga.

Kwa hiyo mwalimu hajapona, ameahirishiwa. Miezi sita ni michache, na Esnah anaijua hesabu hiyo. Ameshajaza fomu ya chuo cha ualimu, na mama yake amekubali kuuza ndama kwa ajili ya karo, binti akiitwa chuoni.

"Nikipata cheti, nitaajiriwa na serikali, kama huyo chifu," asema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Hapo hata yeye hataweza kuniuliza nani alinichagua."