Kabati Lililomaliza Rakija

Tarehe 6 Machi 2023, Radivoje Stamenković, mkaguzi mstaafu wa kiwanda cha mabomba mjini Kragujevac, alitangaza mtandaoni kabati la ukutani la mwaka 1979, urefu mita tatu na ushee, kwa dinari elfu kumi na tano. Tangazo lilisema ni kama jipya. Mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Chumba lilimokaa kilitakiwa kiwe tupu kufikia Jumapili tarehe 26. Siku hiyo mama mkwe, aliyevunjika nyonga, angetoka hospitali na kuhamia kwao. Mkewe Radivoje, Ljubinka, alikuwa na njia fupi: nyundo, na lori la manispaa linalozoa samani chakavu kila Alhamisi asubuhi.

"Lori? Hizi ni mbao ngumu, Ljubinka!"

"Ni unga wa mbao na gundi, Rade. Mwaka wa arobaini na nne huu nalifuta vumbi, mimi ndiye ninayelijua."

Kuuza kitu kilichotumika kunataka moyo wa kumwacha mnunuzi asimame. Radivoje hana moyo huo. Anayevuka kizingiti chake, hata kama amekuja kusoma mita ya umeme, hupewa kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, glasi ya maji, kahawa, kisha rakija, pombe kali ya plamu anayoipika shemeji yake. Akishameza hivyo vyote ni mgeni, na mgeni hatajiwi bei.

Mnunuzi wa kwanza alikaa saa tatu, akalia kidogo kwa ajili ya talaka yake, akaondoka na nusu lita ya rakija mkononi. Wa tatu aligundulika kuwa alikaa kambi moja na Radivoje jeshini, akala chakula cha mchana. Wa tano alikuwa amekosea ghorofa. Alihudumiwa vilevile.

"Chupa nne zimekwisha," alisema Ljubinka, "na hata droo moja haijatoka."

"Biashara inataka subira."

Jumatano tarehe 22 akaja Miodrag, mwenye nyumba ya wageni, na futi ya kupimia na pesa taslimu.

"Jirani, elfu kumi na mbili, nalichukua sasa hivi. Ndugu yangu yuko chini na gari."

"Kaa kwanza, unywe kitu."

"Gari limeziba njia, jirani."

"Mwite naye apande."

"Mimi nimefuata kabati, sikufuata undugu."

Radivoje alinyanyuka. Alisema hapa si dukani, na mtu asiyeweza kukaa dakika tano hawezi kutunza kabati. Miodrag akakunja futi yake, akashuka ngazi.

Ljubinka alikuwa bado ameshika sinia. "Umemfukuza mwenye pesa kwa sababu hana kiu?"

"Hana adabu."

"Na mama yangu alale wapi? Ndani ya droo?"

Alhamisi lori lilipopiga honi barabarani, Ljubinka alikuwa na nyundo mkononi na Radivoje ameegemea kabati, simu sikioni. Mtu aliuliza kama bado lipo. "Lipo," akajibu, "njoo tunywe kahawa." Lori likaondoka.

Jumapili mama mkwe atalazwa kwenye kitanda cha Radivoje, kando ya Ljubinka. Radivoje atalala jikoni, kwenye benchi.