Nafasi ya Kiprono

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja kule Molo, miaka ya hamsini, baridi inauma masikio, nilipovaa viatu vyangu vya mpira nikaingia uwanjani na watoto wasio na viatu. Nilikuwa mwalimu wao na kocha wao. Mpira niliujua, sikufichi. Chuo cha ualimu nilicheza mbele, na mabeki wakiniona walianza kumwomba Mungu.

Siku hiyo tulicheza na shule ya shamba la jirani. Kabla hatujaanza, wakafika wanaume wawili kutoka Nakuru, wa timu ya mjini iliyonitaka tangu nikiwa chuoni. Kichwa kikavimba. Siku hizo mwalimu kucheza na wanafunzi wake halikuwa jambo la ajabu, basi nikamwambia Kiprono, mshambuliaji wangu, akae kando kidogo. Alikuwa ameamka alfajiri kuchuma maua ya pareto ndipo baba yake amruhusu kuja. Akavua jezi, akanipa.

Nikafunga mabao matatu. Wale wawili wakanishika mkono, wakasema nafasi yangu ipo, nije Jumatatu.

Mwalimu mkuu, Mzee Njoroge, hakupiga makofi. Aliniita pembeni.

"Umecheza vizuri, mwalimu. Sasa niambie, leo umemfundisha nani?"

Nikaitazama jezi ya Kiprono mwilini mwangu.

"Ukitaka kucheza, nenda Nakuru ukacheze, hakuna atakayekulaumu. Lakini usicheze kwenye nafasi ya mtoto."

Jumatatu sikwenda Nakuru, na Kiprono hakuja shule. Jumanne pia. Wenzake wakaniambia baba yake amesema kama mpira wenyewe ni wa mwalimu, mtoto abaki kwenye pareto. Hapo niliumia kweli, maana wengi walioacha shule kwa pareto hawakurudi tena.

Nikaenda hadi shambani. Hebu nifikirie, mwalimu mzima na tai yake, katikati ya pareto, namwomba mtoto msamaha mbele ya baba yake. Niliona haya. Kiprono aliendelea kuchuma, kisha akauliza bila kuniangalia, "Na Jumamosi utacheza, mwalimu?"

"Sitacheza. Utacheza wewe."

Baba yake akampokea kikapu cha maua, akamwambia arudi shule.

Jumamosi hiyo Kiprono alifunga bao moja, tena la kubahatisha, kwa goti. Nililishangilia kuliko yangu matatu, na watu wa Nakuru sikuwatafuta tena.

Sasa wewe unatoka chuoni, mpira unaujua pengine kunishinda, na umeniambia unataka kufundisha. Umechagua vizuri, usiyumbishwe na mtu. Lakini siku utakapotamani kuonekana, kacheze na wakubwa wenzako, uwanja wa watoto uwaachie wenyewe. Na ukimkosea mtoto, mfuate, hata kama ni shambani. Mungu akupe darasa lililojaa, mwanangu, na akupe macho ya kumwona aliyekaa kando.