Sala ya Pili

Wiki iliyopita nilikwenda mahakamani Bukoba kufuatilia kesi ya kiwanja changu cha Nshambya, nikasahau kabisa kilichonipeleka. Katika chumba cha jirani, mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka Bumbire alikuwa ameishtaki kampuni ya basi lililopinduka kwenye mteremko huko Muleba na kumvunja mguu. Watu tulijaa mpaka madirishani.

Wakili wa kampuni alikunjua mikono kama mchungaji anayetoa baraka. "Breki zilifeli ghafla. Hakuna aliyejua. Ni mpango wa Mungu."

Mama aliegemeza gongo lake kizimbani. "Waitu mheshimiwa," alimwambia hakimu kwa adabu ya Kihaya, "mimi ni Mlutheri, na basi hilo napanda kila wiki. Dereva hutuombea mara moja tu, tukiwa stendi. Siku ile aliomba tena tulipofika juu ya mteremko. Nauliza tu, sala ya pili ilikuwa ya nini?"

Chumba kizima kilinguruma. Hakimu aligonga meza, kisha akamgeukia dereva, shahidi wa kampuni. "Jibu."

Dereva aliisokota kofia yake. "Asubuhi nilimwambia meneja breki hazishiki. Akasema, nenda tu, Mungu yupo."

Nilitoka nje. Mungu alitajwa sana asubuhi ile. Lakini karatasi ya kesi iliyobandikwa mlangoni ina mdaiwa mmoja tu, na si Yeye.