Mpira wa baiskeli kwenye vitufe vya mashine za alizeti, Kinyangiri

Wakuu, habari za mihangaiko.

Naleta hapa jambo lililonitokea kazini. Sijaongeza chumvi. Kama kuna sehemu itaonekana ndogo, ni kwa sababu ilikuwa ndogo hivyo hivyo.

Mimi ni KE, mwanamke, nasema mapema kabla hamjauliza. Ni fundi umeme, naishi Singida Mjini. Chuo sijakanyaga. Nilijifunza kwa kufungua mota mbovu na kuangalia video, baadaye nikashikwa mkono na fundi mwenye leseni. Mpaka leo yeye ndiye anayekagua kazi zangu na kusaini.

Kingine mkijue: nina wasiwasi uliopitiliza. Skrubu nikishaikaza, nairudia. Nikifika stendi naanza kujiuliza kama niliikaza kweli. Huwa nachekwa, nimezoea.

Sasa twende.

Kuna mama mmoja mjane Kinyangiri, kule Mkalama. Tumwite Mama Neema. Ana banda lenye mashine tatu: ya kukamua alizeti, ya kukoboa na ya kusaga. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, kila umeme ukirudi, breaker inajizima. Njoo uniangalizie."

Nilichokuta ni waya mmoja uliotoka swichi kubwa mpaka mashine ya kwanza, pale ukaunganishwa kwenda ya pili, kisha ya tatu. Mnyororo kabisa. Breaker moja kwa zote. Ganda la waya lilikuwa limeshalainika kwa joto.

Kwa wasio mafundi: mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishakolea. Zikianza tatu kwa pamoja kwenye waya mmoja, breaker lazima ijizime, ndiyo kazi yake. Jirani yake alikuwa amemshauri aweke breaker kubwa zaidi. Ukifanya hivyo breaker itatulia kweli, ila waya ndio utaungua.

Nikang'oa mnyororo wote. Kila mashine nikaipa waya wake wa unene unaostahili, breaker yake na swichi yake. Overload, ile kinga inayozima mota ikizidiwa, nikaiseti kwa namba iliyoandikwa kwenye kibao cha mota. Earth, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, nikaipima upya.

Na kila mashine nikaifungia starter: kitufe cha kijani kuwasha, chekundu kuzima. Uzuri wa starter ni kwamba umeme ukikatika inajiachia yenyewe. Umeme ukirudi, mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kijani. Kwa hiyo unaziwasha moja baada ya nyingine.

Bosi wangu akakagua, akasaini. Nikarudi mjini.

Haikupita wiki nikaanza kuiwaza skrubu ya earth ya mashine ya kusaga. Nilikuwa nakunywa chai, nikaiona kabisa kichwani ikiwa imelegea. Nilijua si kweli. Nikapanda basi hivyo hivyo.

Kijana wa bodaboda aliyenitoa barabarani aliniangalia akauliza, "Dada, unaenda msibani?"

Nikamwambia naenda kuangalia skrubu. Akapiga gia, tukaondoka.

Nikakuta umeme umekatika. Mama Neema amekaa nje ya banda na wateja wake, magunia ya alizeti yamepangwa ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umesahau nini?"

"Kuna skrubu nataka kuihakikisha."

Wakacheka wote. Mteja mmoja akasema, "Huyu akiolewa atakuwa anatia chumvi punje moja moja!"

Nikaingia ndani.

Hapa inabidi nieleze kitu. Umeme ukikatika mashine ikiwa inakamua, mashudu, yale makapi ya alizeti, yanabaki yamejazana ndani. Yakipoa yanakuwa magumu, mashine haizunguki tena. Kwa hiyo umeme ukikatika tu, mwendesha mashine anaanza kuyakwangua.

Shabani, ndiye mwendesha mashine wa Mama Neema, alikuwa ameingiza mkono mpaka kiwiko. Anakwangua, anapiga mluzi.

Nikaangalia starter zangu. Kila kitufe cha kijani kilikuwa kimebanwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa kwenye boksi na kufungwa fundo. Zote tatu.

Maana yake umeme ukirudi, mashine zote zinawaka saa hiyo hiyo. Hata ile yenye mkono ndani.

Sikupiga kelele. Nilitembea mpaka kwenye swichi kubwa nikaishusha.

Shabani akasikia mlio, akageuza kichwa. "Dada fundi, umeme wenyewe haupo. Sasa unazima nini?"

"Kaka Shabani, toa mkono kwanza."

"Namalizia hapa, kimebaki kidogo."

"Nani amefunga huo mpira?"

"Mimi. Wewe umetuwekea mashine bubu. Zamani umeme ukirudi zinanguruma, kijiji kizima kinasikia, watu wanakuja na magunia yao. Sasa zinakaa kimya, wanadhani bado hakuna umeme. Wengine wanapeleka alizeti kwingine. Mama akaanza kunung'unika, nikaona nikusaidie." Akacheka. "Umeme ukitulia huwa naufungua."

Akaendelea kukwangua.

Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi. Redio yake ya umeme ikaanza kuimba.

Ndani ya banda hakikusogea kitu. Mluzi ulikatika. Shabani alibaki ameinama, mkono bado uko ndani, anasikiliza ile redio. Kisha akautoa taratibu sana. Akautazama upande huu, akaugeuza akautazama upande wa pili. Akaenda kukaa juu ya gunia.

Halafu akasema, "Fundi, hiyo skrubu yako iko wapi? Twende tukaiangalie vizuri."

Ilikuwa imekaza.

Siku ile ile nikafungua ile mipira, na Shabani mwenyewe akaikata vipande kwa kisu. Nikarudi baadaye na bosi wangu, tukafunga taa juu ya paa na kengele, zote zikichukua umeme kabla ya starter. Umeme ukirudi kengele inalia mpaka mtu aizime, na mashine haziwaki. Swichi ya kila mashine tukaiwekea kufuli. Anayeingiza mkono anazima, anafunga, na ufunguo anakaa nao yeye.

Nilichojifunza: hesabu zangu zilikuwa sahihi na bado mtu angepoteza mkono. Niliuliza kila kitu kuhusu mota, sikuuliza mtu yeyote ule mngurumo ulikuwa unawasaidia nini. Ukiondoa kitu ambacho watu wanakitegemea, hata kama ni hatari, watakirudisha kwa njia yao. Siku hizi kabla sijafungua begi la vifaa, nakaa na mwendesha mashine kwanza, namwacha aongee.

Juzi Mama Neema alinipigia kunisalimia. Anasema kengele ikilia, Shabani hata kichwa hainui. Anaendelea kukwangua, ufunguo uko shingoni kwake.

Wasiwasi wangu haujaisha, lakini hiyo skrubu nimeiacha.

Wakuu wenye mashine huko vijijini, nyie umeme ukirudi mnajuaje? Na mafundi wenye leseni, kama kuna mahali nimekosea, nirekebisheni hapa hapa bila huruma.